Safari ya Taifa Kwenda Kwenye Theluji ya Mkwazu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani iliyotundikwa ukutani kwako. Ukiitazama ramani hiyo mara ya pili ukahisi umeiona, tafadhali geukia dirishani. Mimi naripoti tu.

Ni nchi tambarare. Nasema hivyo kwa vipimo, si kwa dharau. Sehemu iliyoinuka kuliko zote katika mji mkuu ni jukwaa la wageni rasmi katika Uwanja wa Uhuru, mita kumi na mbili kutoka usawa wa barabara. Hata hivyo nchi inayo Wizara ya Burudani na Miinuko, yenye watumishi mia mbili na kumi, maana haikuonekana vizuri kwa nchi huru kukosa miinuko kabisa.

Kiongozi wa nchi huitwa Mlezi Mkuu. Mwaka huo alihudhuria mkutano wa marais, na wakati wa chai rais wa nchi moja jirani akamwonyesha picha katika simu yake: yeye mwenyewe, koti jekundu, miwani mikubwa, mbao mbili ndefu miguuni, amesimama juu ya mlima mweupe.

"Na wewe, ndugu yangu," akauliza, "huwa unatelezea wapi?"

Mlezi Mkuu alijibu kwamba ofisi yake italitolea taarifa. Alirejea nyumbani siku ileile. Jioni hakula, na kesho yake redio ikatangaza kwamba taifa zima limefunga kwa hiari.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Theluji, wajumbe ishirini na saba. Mmoja tu aliwahi kubandua barafu ya jokofu kwa mikono yake mwenyewe. Akachaguliwa makamu mwenyekiti. Kamati ilipewa kazi mbili: kuteua mahali pa kuteleza huko Ulaya, na kuteua kiwanja cha ndege kinachofaa kuliko vyote kufikia mahali hapo. Yote yakamilike kabla ya maadhimisho ya miaka sitini ya uhuru, ili picha ya Mlezi Mkuu juu ya theluji itundikwe katika kila ofisi.

*

Wizarani alikuwapo mtumishi mmoja aliyejua kusoma ramani. Jina lake Rahabu Kalindimya, mpima ramani daraja la pili, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake: hakuandika jambo ambalo hakulipima.

Mumewe, Selestini Mbago, alifundisha kemia katika sekondari ya Mkwazu, mji wa wachimba chumvi ulioko kilomita mia sita kutoka mji mkuu. Serikali ilimpanga yeye huko na kumpanga mkewe huku miaka tisa iliyopita, mwezi mmoja baada ya harusi. Walionana siku kumi na nne kila Desemba. Katika miaka hiyo tisa Rahabu aliandika barua tisa za kuomba uhamisho. Alijibiwa zote, na majibu yote yalikuwa na maneno yaleyale: suala lako linashughulikiwa.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Dakta Balthazari Mkumbwa. Alimwita ofisini, akamtazama kwa huruma ya kikazi.

"Bi. Rahabu, nasikia unataka kumfuata mzee huko… wapi vile?"

"Mkwazu, Mheshimiwa."

"Ndiyo, huko. Sasa sikiliza. Niandikie ripoti ya theluji. Wajumbe wakiridhika, barua yako naisaini siku hiyohiyo, hapahapa, kwa kalamu hii." Akaionyesha kalamu. Ilikuwa ya wino wa kijani, kwa sababu katika nchi hiyo waziri peke yake ndiye anayeruhusiwa kuandika kwa kijani.

"Nitaiandika, Mheshimiwa. Nitahitaji wiki tatu."

"Wiki tatu za nini? Si ni theluji tu?"

Alipewa siku nane.

*

Ripoti ilikuwa na kurasa arobaini na haikuwa na sifa yoyote isiyo ya lazima. Rahabu alilinganisha vituo vitatu. Chamonix, Ufaransa: kiwanja cha karibu ni Geneva, upande wa pili wa mpaka, kilomita zipatazo tisini, saa moja na robo kwa gari barabara ikiwa safi. Zermatt, Uswisi: mahali pazuri sana, theluji karibu mwaka mzima, lakini magari ya kawaida hayaingii mjini, wageni huyaacha kijiji cha chini na kupanda treni. Miteremko inayozunguka Innsbruck, Austria: kiwanja kiko mjini penyewe, na kutoka ndegeni hadi mteremko wa kwanza haipiti nusu saa, ila upepo wa milimani ukivuma ndege huelekezwa kwingine. Alipendekeza Innsbruck.

Kamati ilikutana Jumatatu. Nilibahatika kuona muhtasari.

"Hapa pameandikwa magari hayaingii," alisema makamu mwenyekiti akiwa ameweka kidole juu ya Zermatt. "Yaani msafara wa Mlezi Mkuu nao?"

"Misafara yote, ndugu mjumbe," alijibu Rahabu. "Hata ya kwao."

"Kwa hiyo Mlezi Mkuu akapange foleni ya treni, ameshika begi?"

Ukumbi ukaguna. Zermatt ikafutwa, na ikaamuliwa kwamba Uswisi iandikiwe barua ya masikitiko.

Mjumbe wa pili akasimama. Alikuwa mkuu wa itifaki, na itifaki ya nchi hiyo hupima heshima ya kiongozi kwa muda ambao watu humsubiri barabarani. "Innsbruck ni nusu saa tu. Nusu saa ni heshima ya mkuu wa wilaya. Watu watamsubiri saa ngapi huko?"

"Hakuna watakaomsubiri," alisema Rahabu. "Hawamjui."

Sehemu hiyo ya muhtasari imepigwa mstari mweusi, lakini karatasi ni nyepesi na ukiiinua kwenye mwanga inasomeka.

Ikabaki Geneva. Yote yakaonekana kwenda vizuri mpaka mwenyekiti, ambaye ndiye Waziri mwenyewe, alipokumbuka jambo.

"Viwanja vya huko huvua watu viatu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilivuliwa. Na mkanda."

Wajumbe ishirini na saba walimwona Mlezi Mkuu mbele ya macho yao, amesimama kwenye zulia la plastiki akiwa na soksi.

"Mheshimiwa," alisema Rahabu, "wakuu wa nchi hawakaguliwi. Hupokelewa pembeni."

"Wewe umewahi kuwa mkuu wa nchi?"

"Hapana."

"Basi usituhakikishie." Akafunga jalada. "Tafuta kiwanja kisicho na ukaguzi, kilicho karibu, panapoingia magari, na weupe uonekane ukiwa bado ndegeni. Ulaya ni kubwa, Bi. Rahabu. Ulikwenda kwa haraka."

Alirudi mezani kwake. Alitafuta siku nne. Kiwanja cha namna hiyo hakikuwepo Ulaya, naye aliandika hivyo: hakipo. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi na fomu za uhamisho zilikuwa zinafungwa, alijaza moja, ombi lake la kumi.

*

Hapa inafaa nieleze utaratibu wa masjala. Kwa ajili ya kubana matumizi ya makasha, Serikali ilikuwa imeagiza kwamba kila mtumishi awe na jalada moja tu, na karatasi zote zinazomhusu ziingie humo, mpya juu ya zilizotangulia. Na kwa ajili ya kubana muda wa mawaziri, iliagizwa kwamba waziri asome karatasi ya juu peke yake.

Bi. Mwamvua wa masjala, mama wa makamo anayeijua kazi yake, akaweka ripoti ya theluji ndani ya jalada la Rahabu. Juu ya ripoti akaweka fomu ya uhamisho, maana ilikuja baadaye. Akafunga kamba, akapeleka.

Waziri akasoma karatasi ya juu. Fomu ya uhamisho ya nchi hiyo ina vipengele vinne, na Rahabu alivijaza kwa ukweli wake wa kawaida. Kituo kinachoombwa: Mkwazu. Njia ya kufika: kwa ndege ndogo, kiwanja cha Mkwazu, kilomita tatu kutoka mjini, hakina ukaguzi. Usafiri wa ndani: magari yanaingia bila kizuizi. Mazingira: vilima vyeupe vinavyoonekana ukiwa bado angani.

Waziri alifurahi kama mtu aliyepata alichokuwa akikisema siku zote. Usimlaumu kwa kutolijua jina hilo. Aliwahi kulisikia, lakini mambo ya watumishi wa chini yalipita masikioni mwake bila kukaa. Waziri wa huko hulazimika kuijua miji miwili: mji mkuu, na ule wa ng'ambo anakotibiwa. Akachukua kalamu ya kijani akaandika: Imekubaliwa. Utekelezaji uanze mara moja.

Jalada lilirudi mchana. Bi. Mwamvua alilifungua, akapiga kigelegele ambacho hakijapata kusikika masjala.

"Rahabu! Njoo uone! Kijani hiki, mwanangu, kijani!"

Rahabu alisoma mara tatu. Hakulia, alikaa kwenye kiti cha Bi. Mwamvua bila kuombwa akae, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akapiga simu.

"Wamekubali," alisema.

"Nani kakubali nini?" aliuliza Selestini. Nyuma yake zilisikika kelele za darasa.

"Uhamisho. Imeandikwa mara moja."

Upande wa pili mwalimu akawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wowote wasome.

Kesho yake asubuhi Rahabu alikuwa ameshafunga vyombo katika maboksi saba alipoliona Gazeti la Serikali. Ukurasa wa kwanza ulitangaza kwamba, baada ya utafiti wa kina, taifa limeteua Mkwazu, Ulaya.

*

"Mheshimiwa, Mkwazu iko hapa nchini," alisema Rahabu. Alikuwa amesimama. Waziri na Katibu Mkuu walikuwa wamekaa.

"Hapa wapi?"

"Mkoa wa Magharibi. Vile vilima vyeupe ni marundo ya chumvi."

Waziri alimtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu, mtu mtulivu aliyehudumia mawaziri kumi na mmoja, alivua miwani akaifuta.

"Mheshimiwa," alisema, "Mlezi Mkuu amekwisha kulisoma tangazo. Ameliona zuri. Amekwisha kupima koti."

"Sasa tufanye nini? Tumwambie tulikosea?"

"Gazeti la Serikali halijawahi kukosea. Ninachokiona mimi ni kwamba Mkwazu ndiyo haijafuata tangazo. Kuirekebisha Mkwazu ni kazi ya siku tisa. Kulirekebisha tangazo ni kazi ya watu watatu tuliomo humu kwenda jela."

Ikaandaliwa amri fupi: kuanzia tarehe hiyo, mji wa Mkwazu na vitongoji vyake utahesabiwa kuwa Ulaya kwa madhumuni yote. Amri ilihitaji cheti cha mpima ramani.

"Saini, Bi. Rahabu," alisema Waziri. Akachomoa ile fomu, yenye kijani chake, akaiweka upande wa pili wa meza. "Wewe si unataka kwenda Mkwazu? Barua hii hapa. Saini, chukua, nenda kwa mumeo."

Rahabu aliitazama barua. Akavuta karatasi ya cheti. Chini ya kichwa cha habari, kwa mwandiko ulionyooka, aliandika: Mkwazu iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, katika nchi hii. Haijawahi kupata theluji. Kilichopo ni chumvi. Akatia saini na tarehe.

Katibu Mkuu aliangalia kama saini ipo, akamsukumia Rahabu barua yake. Akagonga muhuri. Cheti kikaambatanishwa na amri, na kiko huko mpaka leo, kikiithibitisha.

*

Katika siku tisa Mkwazu ilipata mambo iliyokuwa ikiyaomba kwa miaka kumi na miwili. Kiwanja chake cha ndege kilikuwa na vichuguu thelathini na moja, na kwa sababu hiyo ndege ya daktari wa mkoa haikuweza kutua. Wagonjwa walipakiwa kwenye malori ya chumvi. Vichuguu vilisawazishwa kwa asubuhi moja. Barabara ikapigwa lami mpaka kwenye vilima ikaishia hapo. Wananchi waligawiwa makoti mazito na karatasi ya maelekezo: wasishangae, wasisogee karibu, wasisalimiane kwa kirefu. Saa zote za mji zilirudishwa nyuma saa mbili.

"Jua likiwa utosini wanafunzi wangu wanasema ni asubuhi," Selestini alieleza katika simu. "Na nimevaa koti, mke wangu. Nafundisha kemia kwa jasho. Wewe unafika lini?"

"Naja na msafara. Nimo kwenye orodha, mtaalamu wa theluji."

Ndege ya Mlezi Mkuu iliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Safari ya Mkwazu ni saa moja na nusu, muda ambao haufiki Ulaya, kwa hiyo rubani aliamriwa azunguke. Walikula mara mbili juu ya ziwa lilelile. Mlezi Mkuu alichungulia akasema Bahari ya Mediterania ni ndogo kuliko alivyofundishwa. Walitua saa nane mchana. Hakuna aliyemgusa mkanda wala viatu, na Waziri alishuka ngazi machozi yakimlengalenga.

Watu walikuwa wamesimama barabarani tangu alfajiri, kila mmoja ndani ya koti lake. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na nne. Rahabu alimwona mumewe katika mstari wa pili. Alikuwa amenyoa, na amefunga skafu. Kwa mujibu wa maelekezo hawakusalimiana kwa kirefu.

Mlezi Mkuu alipandishwa juu ya kilima kirefu kuliko vyote, akafungwa mbao. Bendi ikapiga. Akateleza mita kumi na moja, akakaa chini. Msafara ukapiga makofi kwa dakika nne, wapiga picha wakapiga. Alipofuta uso kwa glavu, kitu kiliingia mdomoni. Akatafuna kidogo.

"Ina chumvi," alisema.

Bendi ikanyamaza. Ni Waziri aliyetokea mbele, na hata mimi, ambaye si mtu wa kusifu, nalazimika kukiri kwamba alikuwa mwepesi.

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Huku huitia ili isiharibike."

Mlezi Mkuu akaitikia kwa kichwa polepole. "Wenzetu wamejipanga," alisema.

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini kutoka nyuma ya kilima akajitokeza bibi mmoja aliyejifunga kaniki, ana koleo begani na koti lake la Kizungu amelikunja kwapani kama kirago. Alikuwa Bi. Nyamizi, aliyechimba chumvi pale miaka hamsini. Wachimbaji wa Mkwazu wana desturi moja wasiyoilegeza kwa mtu yeyote: juu ya chumvi hupandwa miguu mitupu, maana inaliwa.

"Wewe baba!" aliita. "Wewe mwenye mbao! Mama yako hakukufundisha? Unapanda chakula cha watu na viatu?"

Walinzi walisogea. Bi. Nyamizi akawapita kama mtu anayepita kuku.

"Vua," alisema. "Vua, mwanangu. Na hawa wenzako wote wavue. Koleo langu mnaliona?"

Nilisema mimi naripoti tu, na hiki ndicho kilichotokea. Mlezi Mkuu wa nchi alimtazama bibi yule, akainama, akafungua mbao, akavua viatu. Baraza la Mawaziri likavua. Walisimama juu ya kilima wakiwa na soksi, wamepanga mstari, viatu mkononi.

"Kumbe Ulaya yote ni hivihivi," alisema Mlezi Mkuu kwa uchovu, akaomba arudishwe nyumbani.

Katika picha iliyoko maofisini, miguu imekatwa.

*

Rahabu alirudi na msafara, kama orodha ilivyotaka, ili afuate taratibu za kuhama. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Afisa Utumishi akiwa na barua yake ya kijani.

Afisa Utumishi, kijana nadhifu aitwaye Deogratiasi, aliisoma akaigeuza akaisoma tena.

"Dada, hii imekubaliwa, sina ubishi. Ila fomu uliyotumia ni ya uhamisho wa ndani."

"Mkwazu ni ndani."

"Ilikuwa. Amri inasema Ulaya kwa madhumuni yote. Cheti kipo, nimeambiwa." Akafunua jalada. "Tena umesaini wewe mwenyewe."

"Soma kilichoandikwa juu ya saini."

"Dada yangu, nikianza kusoma vyeti nitamaliza lini?" Akasema hivyo bila ubaya. "Kwenda kufanya kazi Ulaya ni kwa uteuzi wa Mlezi Mkuu tu. Mabalozi wanasubiri miaka. Siwezi kukudanganya."

"Na likizo yangu ya Desemba?"

"Hiyo sasa ni safari ya nje. Pasi, picha nne, viza. Viza za Mkwazu tumepewa sisi kuzitoa mpaka ubalozi wao ufunguliwe." Akampa fomu. "Jaza hapo hapo, nikusaidie."

Nje watu wa usafirishaji walikuwa wakiuliza yale maboksi saba yaende wapi. Asubuhi hiyo Selestini alikuwa amepiga simu, kwa namba ndefu za ng'ambo, kumwambia kwamba ndege ya daktari imetua kwa mara ya kwanza, imembeba mama mmoja mwenye uchungu, na mtoto amezaliwa salama. Rahabu alikuwa ameandika tarehe na saa.

Alijaza fomu mpaka kipengele cha saba. Sababu ya safari. Akaandika: kumwona mume wangu.

Deogratiasi akachungulia, akatikisa kichwa. "Hapo hapapiti. Wataona unataka kuhamia. Kata, andika kuteleza kwenye theluji."

"Hakuna theluji."

"Najua, dada."

Katika miaka kumi na sita ya utumishi Rahabu alikuwa ameandika ripoti sabini na mbili, vyeti mia tatu na ushee, na barua kumi, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la uongo, wala hakuna aliyezisoma. Akakata mstari mmoja kwa rula. Juu yake akaandika: kuteleza kwenye theluji.

Deogratiasi aliichukua fomu akaisoma yote, neno kwa neno, kuanzia jina mpaka saini. Akagonga muhuri.

"Umeona?" alisema. "Siku kumi na nne."